Gari Huponyoka Kabla ya Kona

Dereva aliyeponyokwa na gari kwenye uwanja wa mbio, akiulizwa ilikuwaje, husimulia kona. Atasema kona ilimfika ghafla, mkia wa gari ukatoka, usukani ukawa mwepesi mikononi, na alipozinduka ukuta ulikuwa mbele yake. Hadanganyi, ila ameianza hadithi mwishoni. Yaliyomponyosha gari yalikwisha kufanyika mita 100 au 200 nyuma, alipochelewa kukanyaga breki. Mengine yalifanyika asubuhi, alipopuuza kupima upepo wa tairi, na mengine miezi kadhaa nyuma, aliponunua tairi kwa kuangalia bei na kina cha kashata bila kuangalia lilitengenezwa mwaka gani. Hoja ninayotaka kuijenga hapa ni kwamba gari lenye nguvu huponyoka kabla ya kona, na anayetaka kulimudu aanzie huko kabla, aache kutafuta ushujaa ndani ya kona yenyewe.

Msomaji wa Itaka, wilayani Mbozi, anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini. Itaka hakuna uwanja wa mbio, Vwawa hakuna, na ukitoka Tunduma ukavuka mpaka, uwanja wenye jina kubwa upande huo ni Kyalami, kule karibu na Johannesburg, safari ya siku kadhaa kuelekea kusini. Magari lakini yameshafika. Kahawa ya Mbozi ikilipa vizuri na mahindi yakapata soko, kuna kijana atakayenunua Crown, Mark X au Subaru yenye turbo iliyotoka Japani. Mark X ya injini ya lita 2.5 ina nguvu za farasi zaidi ya 200, nayo mara nyingi husukumwa na magurudumu ya nyuma. Hilo ni gari ambalo mguu mzito kwenye lami yenye maji unaweza kulizungusha. Wapo pia vijana wetu waliokwenda kutafuta riziki Uarabuni, na huko Dubai, mtu mwenye leseni na fedha kidogo za akiba hulipia aingie kwenye uwanja wa kweli, akae nyuma ya usukani wa gari ambalo hajawahi kuligusa. Ushauri huu ni wa hao wawili, na kwa sehemu kubwa ni ule ule.

Tuanze na tairi, maana dereva hana kingine kinachomshikilia chini. Gari zima, pamoja na farasi wake wote, hugusa ardhi kwa vipande vinne vya mpira, kila kimoja kikikaribia ukubwa wa kiganja. Kila kipande kina mshiko wenye kikomo, na mshiko huo ni kama debe moja la mahindi: ukimpimia jirani nusu, kilichobaki ni nusu, hata ukasirike namna gani. Kukanyaga breki kunachota kwenye debe hilo. Kukata usukani kunachota humo humo. Kukanyaga mafuta, vilevile. Dereva anayeingia kwenye kona huku breki imezama na usukani umekatwa anaomba vitu viwili kutoka kwenye debe ambalo kimoja peke yake kilikuwa kinalimaliza. Tairi za mbele zikiishiwa kwanza, gari hukataa kona na kwenda moja kwa moja. Za nyuma zikiishiwa kwanza, mkia hutoka na gari hutaka kugeuka lilikotoka. Injini kubwa haibadilishi kikomo hicho. Inakuwezesha tu kukifikia mapema zaidi.

Hesabu yake ni ya fizikia ya sekondari. Gari zuri lenye tairi nzuri kwenye lami kavu, likiwa spidi 100, yaani kilomita 100 kwa saa, huhitaji kama mita 44 kusimama tangu breki ziliposhika. Likiwa spidi 200, halihitaji mara mbili ya hapo. Linahitaji mara nne, yaani kama mita 175. Ongeza sekunde moja ya akili kutambua na mguu kuhama: kwa spidi 180, sekunde hiyo imekula mita 50 kabla breki haijaguswa. Chukua sasa kona ambayo mviringo wake una nusu kipenyo cha mita 100. Lami ikiwa kavu, gari la kawaida litaishika kona hiyo mpaka karibu spidi 107. Mvua ikinyesha na mshiko ukashuka hadi kama nusu ya uzito wa gari, kikomo ni karibu 80. Aliyezoea kuipita kwa 100 wakati wa kiangazi hajakosea usukani siku anapoponyoka. Alikuja na spidi ambayo siku hiyo haikuwa na pa kukaa, na hakuna mkono hodari unaoweza kuirudisha. Wenzetu wa TANZAM, barabara kuu ya Tanzania na Zambia, wanaijua mvua ya kwanza ya Novemba au Desemba, inapokuta lami yenye vumbi la miezi na dizeli iliyodondoka kutoka kwenye malori: maji machache ya mwanzo huwa mabaya kuliko mvua kubwa ya baadaye iliyokwisha kuosha barabara.

Ushahidi mzuri wa hoja hii ni ajali iliyotokea mwanzoni mwa Juni 2005 katika uwanja wa California Speedway, mjini Fontana, Marekani. Siku hiyo uwanja ulikuwa umekodiwa na wenye magari ya fahari, watu wa kawaida waliokuja kufurahia, si mashindano. Porsche Carrera GT, gari la nguvu za farasi zaidi ya 600 lisilokuwa na mfumo wa kielektroniki wa kulituliza likianza kuteleza, lilikuwa linakuja kwa kasi kwenye sehemu iliyonyooka. Ferrari ikaruhusiwa kuingia kutoka upande wa gereji ikiwa na mwendo mdogo. Dereva wa Porsche akakwepa, gari likamponyoka, likapiga ukuta wa zege, yeye na abiria wake wakafa. Kesi ilipofunguliwa, mabishano yalifika mbali: ubora wa gari, mahali ulipowekwa ukuta, bendera iliyoiruhusu Ferrari kuingia, uamuzi wa dereva kumpakia mtu. Shauri lilimalizwa kwa makubaliano ya fidia ya kama dola milioni 4.5, na sehemu kubwa ya mzigo iliangukia mirathi ya dereva pamoja na wenye uwanja na waandaaji. Kampuni iliyotengeneza gari ilibeba sehemu ndogo, kama asilimia 8. Nayataja ya fidia kwa sababu yanaonyesha kwamba waliokaa kuipima ajali ile kwa makini waliitafuta sababu katika mpangilio wa siku nzima, na sekunde ya kukata usukani ilikuwa kipande kimoja tu cha hesabu yao.

Miaka minane baadaye, tarehe 30 Novemba 2013, mwigizaji Paul Walker alikufa akiwa abiria katika gari la aina hiyo hiyo, safari hii kwenye barabara ya mtaani kule California, penye kibao cha maili 45 kwa saa. Uchunguzi ulikadiria kwamba gari lilikuwa kati ya maili 80 na 93 kwa saa, sawa na spidi 129 hadi 150 hivi, na kwamba tairi zake zilikuwa na umri wa zaidi ya miaka tisa. Angalia vizuri namba hizo. Kwa gari lile, spidi 150 ni mwendo ambao injini yake haijaanza hata kutoka jasho. Lakini mpira uliozeeka haujui umefungwa kwenye gari la bei gani. Na katika ajali zote mbili aliyekaa pembeni alikufa pamoja na dereva. Mpaka utakapofundishwa na kuzoea, usipakie mtu unapolijaribu gari, hata akikubembeleza. Uzito wake hubadilisha tabia ya gari, na uwepo wake hubadilisha tabia ya dereva, jambo ambalo ni baya zaidi.

Kwa hiyo ukitaka kufanya jambo moja tu leo, toka nje uzisome tairi zako. Ubavuni, baada ya herufi DOT, kuna mahali penye tarakimu nne ndani ya kiduara kirefu; mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Palipoandikwa 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Tairi za mtumba zinazopangwa kando ya barabara zinaweza kuwa na kashata nene inayovutia macho huku mpira umekauka kama ukwato, na nyufa ndogo ndogo ubavuni ndizo zinazokuambia ukweli. Kwa gari unalokusudia kulikimbiza, tairi lililopita miaka sita mwachie mwingine, hata kama muuzaji anaapa. Usichanganye tairi za aina tofauti kwenye ekseli moja, na usifunge zilizochoka nyuma kwa kuamini kwamba za mbele ndizo zenye kazi. Mkia ukitoka kwa spidi kubwa, madereva wengi hawana mikono ya kuurudisha. Pima upepo asubuhi tairi zikiwa za baridi, kwa kipimo kinachofanya kazi, si kwa kupiga teke. Barabara zetu za ndani zenye mawe huacha majeraha ubavuni ambayo hayavuji leo. Yatapasuka siku ya joto na mwendo.

Baada ya tairi, breki na macho. Anayeingia kona vizuri humaliza kazi nzito ya breki gari likiwa bado limenyooka, huachia kanyagio polepole anapoanza kukata usukani, na haongezi mafuta mpaka aone pa kutokea. Macho yake hayako kwenye boneti. Yako kwenye ncha ya ndani ya kona, kisha yanatangulia kwenye njia ya kutokea, kwa sababu mikono hufuata macho. Anayeutumbulia macho ukuta huenda ukutani. Kosa linalowaponza wengi hutokea katikati: dereva huona ameingia na mwendo mkubwa, anaogopa, anaondoa mguu kwenye mafuta kwa ghafla au anakanyaga breki kwa hofu. Uzito wa gari hukimbilia mbele, nyuma inakuwa nyepesi, na mkia unatoka. Kwa mtazamaji ataonekana amepunguza mwendo na bado gari limezunguka, na watu watasema gari lile lina mkosi. Mkosi haupo. Ameondoa uzito juu ya tairi za nyuma wakati ambao zilikuwa zinauhitaji kuliko wakati mwingine wowote. Hiyo ndiyo sababu walimu wa udereva wa mbio hurudia shauri moja mpaka linachosha: ingia polepole, toka kwa kasi. Sijaona shauri jingine linaloweza kuchukua nafasi yake.

Kuna watakaosema magari ya siku hizi yana kompyuta, kwa nini tujisumbue. Mfumo wa kutuliza gari ni mzuri, nami simshauri mtu aununue ubishi wa kuuzima. Hufanya kazi kwa kubana breki ya gurudumu moja moja na kupunguza nguvu ya injini pale gari linapoanza kwenda upande ambao usukani haukuelekeza. Lakini hutumia mshiko ule ule uliopo. Hauna ghala la kuongeza. Gari likiingia kona ya spidi 80 kwa spidi 130, kompyuta italipeleka nje ya barabara likiwa limenyooka vizuri. Isitoshe, katika magari mengi yaliyokwisha kutembea sana, taa za ABS (mfumo unaozuia magurudumu kukwama breki ikikanyagwa) na za mfumo huo wa kutuliza gari zimewaka kwenye dashibodi kwa muda mrefu na mwenye gari amezizoea. Mwenye Subaru naye hujitetea kwa magurudumu manne yanayovuta. Yanamsaidia kuondoka na kutoka kwenye tope, hilo halina ubishi. Kusimama, kila gari lina breki kwenye magurudumu yote manne, na hapo Subaru haina faida ya ziada. Inachompa dereva ni uwezo wa kufika kwenye kona akiwa na mwendo mkubwa zaidi kuliko jirani yake.

Pingamizi zito zaidi ni la anayesema: mabingwa wenyewe huponyokwa, basi mafunzo yana maana gani? Ayrton Senna, bingwa wa dunia mara tatu, alitoka nje ya njia kwenye kona ya Tamburello, Imola, tarehe 1 Mei 1994, akapiga ukuta na kufa. Ni kweli, na jambo hili linahitaji jibu la heshima. Ukuta ule ulikuwa karibu na njia kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mto, na hapakuwa na nafasi ya kuusogeza. Mwaka uliofuata kona yenyewe ilivunjwa na kuchongwa upya ili magari yapite polepole. Tarehe 29 Novemba 2020, kwenye uwanja wa Bahrain, gari la Romain Grosjean lilipiga uzio kwa spidi ya karibu 192, likakatika vipande viwili na kuwaka. Alikaa ndani ya moto sekunde kama 28, akatoka kwa miguu yake. Alikuwa na nguo zisizoshika moto haraka, upinde wa chuma juu ya kichwa, na gari la daktari lililofika nyuma yake ndani ya sekunde chache. Udereva mzuri hupunguza mara unazoponyokwa. Mahali unapoendeshea ndipo panapoamua itakuwaje siku utakapoponyokwa. Bingwa huvihitaji vyote viwili, na wewe huwezi kuhitaji vichache kuliko bingwa.

Hapo ndipo ninapotofautiana kabisa na wanaosema kwamba kwa kuwa hatuna uwanja, barabara ndiyo uwanja wetu. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika kwenye barabara za watu wote, na yalikuwa makali kweli: mwaka 1968 yaliondoka magari 93 yakamaliza 7. Kadiri magari yalivyozidi kasi, timu kubwa zilirusha helikopta mbele ili kuonya kuhusu mifugo na magari yanayokuja. Mashindano hayo yaliporudi kwenye ratiba ya dunia mwaka 2021, kule Naivasha, mbio zilifanyika kwenye njia zilizofungwa, zenye walinzi na madaktari. Ikiwa watu wenye helikopta wameiacha barabara ya wazi, kijana wa Mark X asiye na mtu wa kumwonya anaitakia nini? Mlima Senjele, kwenye barabara yetu ya TANZAM, hauna eneo la changarawe la kulipokea gari lililotoka. Una malori ya shaba na ya mafuta yanayopanda kwa gia ndogo na kushuka, bodaboda wenye mizigo, na watoto wanaotoka shule. Kibao cha 50 hakikuwekwa pale kwa ajili ya tochi ya trafiki peke yake.

Cha kufanya Itaka, basi? Tafuta uwanda mpana wa changarawe au udongo mgumu, kwa ruhusa ya mwenyewe, usio na watu wala mifugo, na uweke mtu wa kusimamisha yeyote atakayekaribia. Ndani ya spidi 30 hadi 40 unaweza kujifunza karibu yote niliyoyasema: kukanyaga breki kwa nguvu zote mpaka ABS itetemeke mguuni, kisha, kwa gari lisilo na ABS, kuona linavyokataa usukani breki ikiwa imezama. Udongo una mshiko mdogo, kwa hiyo gari linateleza kwa mwendo ambao haukuui. Ukipenda kwenda mbele zaidi, chama cha magari cha taifa ndicho chenye mamlaka ya mashindano. Anza kwa kujitolea kushika bendera, kwa sababu anayekaa kona moja kutwa nzima akitazama magari hujifunza mengi kuliko anayeipita mara kumi. Bima yako, kabla sijasahau, isome: bima nyingi za magari hazilipi kitu gari likiharibika kwenye mbio au majaribio ya kasi.

Na gari likishaponyoka? Yaliyobaki ni machache, na hufanywa ndani ya sekunde moja au mbili. Mbele ikikataa kona, usiongeze usukani. Ulegeze kidogo, punguza mafuta taratibu, subiri tairi zishike. Mkia ukitoka, elekeza usukani upande ambao mkia unaelekea, macho kule unakotaka kwenda, na mguu uwe mbali na breki mpaka gari linyooke. Ukichelewa na gari likaanza kuzunguka, kanyaga breki na klachi mpaka mwisho, ushikilie hivyo mpaka lisimame, ili walio nyuma wajue litakapoishia na wakukwepe. Kisha baki ndani umefunga mkanda hadi mwenye bendera akufikie, isipokuwa kuna moto. Magurudumu mawili yakitoka nje ya lami, kosa la hatari ni kuyarudisha kwa ghafla. Ukingo wa lami hulikamata tairi, halafu huliachia kwa nguvu na gari hukatisha upande wa pili. Nyoosha usukani, acha mwendo ufe wenyewe, kisha panda kwa upole. Kingo za barabara yetu zilizoliwa na malori hufanya ujuzi huu uwe na kazi kila wiki, hata usipofika uwanjani kamwe.

Siku utakapofika uwanjani, zunguka mara chache kisha toka, hata kama muda uliolipia haujaisha. Mzunguko wa mwisho uwe wa polepole, bila breki kubwa, hewa ipozeshe vyuma. Ukiegesha, weka gia na kabari chini ya tairi. Usivute handbreki diski zikiwa za moto, zinaweza kunasa au kupinda. Kabla ya kushika barabara ya kurudi, kanyaga kanyagio la breki gari likiwa limesimama. Likizama laini kuliko asubuhi, mafuta ya breki yamechemka na yana mapovu ya mvuke. Yabadilishwe hapo hapo, au lala huko huko.